Tope la Chai

Tinde, 11 Mei 2024

Kwa Marcel Lugendo, huko Dar es Salaam.

Mwangaluka. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, nami naandika asubuhi. Wewe ukisoma jioni utajijibia mwenyewe.

Hunijui. Mimi ni Mbuke ng'wana Maige, mama yake Mayala. Jina lako nimelikuta mwisho wa ile filamu yenu ya wachimbaji, pale majina yanapoanza kupanda kwenye kioo na watu wote wanasimama kutafuta ndala zao. Mimi sikusimama. Nilimwambia Sostenes mwenye banda la video aizuie picha anisomee zile herufi ndogo, akasoma: mavazi na vifaa, Marcel Lugendo. Sostenes huyo huyo ndiye aliyepiga simu ofisini kwenu akapata mahali pa kutuma bahasha kwa basi.

Sasa sikiliza. Pale wanapomvuta marehemu kwa kamba kutoka duarani, yaani shimoni, kabla hawajamfunika turubai, inaonekana suruali ya kijivu. Goti la kulia lina kiraka cha kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Kiraka kile nimekishona mimi, kwa mkono wangu huu unaoandika. Kitenge kilikuwa changu. Nimekukatia kipande kilichobaki, kimo humu ndani, ukakilinganishe.

Mwanangu Mayala alikwenda kwenye rashi ya dhahabu, machimbo wanayoyakimbilia wachimbaji wadogo, upande wa Geita masika ya mwaka juzi. Duara likaanguka. Mwenye duara akasema hakukuwa na mtu ndani. Wengine wakasema walikuwemo, hawajulikani wangapi wala kina nani. Hakuna aliyefukua. Tangu siku hiyo sina mwili wala habari, na matanga nimekataa yasiwekwe. Wazee wa ukoo wamenisema mpaka wamechoka. Nawajibu kwamba mimi siwezi kumlilia mtu ambaye hajaletwa.

Nilipoiona ile suruali imejaa tope nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Utashangaa. Wewe ni mtu wa mjini, ngoja nikueleze. Mchimbaji hashuki duarani na nguo nzuri. Anazivua juu, anazikabidhi, anashuka na matambara. Akipanda anavua matambara yenye tope, anavaa nguo zake anaondoka. Kwa hiyo ukikuta nguo ya mtu imekunjwa safi na hakuna anayekuja kuichukua, hapo lia. Lakini ukikuta ina tope, ujue mwenyewe alishuka nayo, akapanda nayo, akaivua kwa mikono yake. Suruali ya mwanangu ina tope. Mwanangu alipanda.

Nachotaka kwako ni kitu kimoja, uniambie suruali ile uliipata kwa nani. Sina kesi na wewe. Nataka kujua nianzie wapi kumtafuta.

Na usinipigie simu. Namba ya Mayala nikiipiga inaita, halafu anapokea mama mmoja wa Tunduma aliyeuziwa laini ile. Ananiambia kwa upole, mama, umekosea tena. Tangu hapo simu naiogopa.

Mbuke ng'wana Maige


Dar es Salaam, 25 Mei 2024

Mama Mayala,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimeisoma nimesimama palepale ofisi ya basi. Pole sana mama. Mimi si mtu wa mjini kama unavyodhani, nimekulia Kahama, jirani kabisa na mgodi wa Buzwagi, marehemu baba alikuwa dereva wa lori huko. Kwa hiyo niseme nawe kama mtoto wenu.

Mama, yule uliyemwona si mtu. Nisingependa ukae na picha hiyo moyoni. Ni mdoli wa filamu nilioutengeneza mimi. Mifupa yake ni nondo nyembamba, viungo ni bolti, mwili ni sponji, ngozi ya mikono ni mpira nilioumwaga kwenye umbo la mikono yangu mwenyewe. Ndani nimemjaza mchanga, maana mdoli mwepesi hawezi kucheza maiti. Wavutaji wa kamba wakivuta kitu chepesi, mtazamaji anajua mara moja. Ukimwekea uzito wa mtu, migongo yao inapinda yenyewe na hakuna haja ya kuwafundisha kuigiza. Sisi tunamwita Bwana Kimya.

Kuhusu nguo, huwa tunanunua mitumba kwa robota, kisha tunachagua. Kitenge cha namna hiyo kimevaliwa nchi nzima, na kiraka ni kiraka. Nadhani ni kufanana tu.

Ngoja nikupe kichekesho upate kupumua kidogo. Tulipomaliza kupiga picha, lori la vifaa lilikuwa limeshatangulia, ikabidi Bwana Kimya nimsafirishe kwa ndege kutoka Mwanza. Kwenye ile mashine ya kuangalia mizigo, afisa akaona mtu mzima amelala chali ndani ya kasha. Akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mkubwa wao. Maiti haipandi ndege bila kibali, na mimi kibali sina. Nikafungua kasha, wakamshika mikono, wakacheka wote. Mmoja tu hakucheka. Alinionyesha kioo cha mashine akaniuliza hiki cheupe kama jino hapa kiunoni ni nini. Nikamwambia kifungo, ndege ikaondoka.

Mungu akutie nguvu, mama.

Marcel


Tinde, 5 Juni 2024

Marcel mwanangu,

Marahaba. Nalalia godoro la sponji mwaka wa kumi huu, usinifundishe sponji. Sikukuambia mwanangu ni yule mdoli. Nimekuambia suruali ni yake. Ukimaliza kunieleza nisiyokuuliza, nijibu nilichouliza.

Na hilo si jino wala si kifungo. Chukua wembe, fumua mshono wa kiunoni upande wa nyuma, penye uzi mzito kuliko kwingine. Utakuta simbi moja, lile gamba dogo jeupe tunalowawekea wazee wetu waliotangulia, imefungwa kwa uzi mwekundu. Niliishona mwenyewe usiku wa kuamkia safari yake. Paroko hajui, na wewe usiniletee maneno. Nilimwambia Mayala, ukishuka chini ya ardhi ya watu shuka na hii, usiivue. Akanicheka, akaniambia mama, wewe unaenda misa halafu unashona simbi, utachagua lini. Nikamwambia nitachagua wewe ukirudi.

Kumbe alinisikia. Ile suruali alishuka nayo, ndiyo maana ina tope, na simbi ilikuwa kiunoni, ndiyo maana alipanda. Nimekaa na jambo hili siku nzima, kila nikiligeuza linakaa sawa.

Tena suruali yake imepanda ndege kabla yake mwenyewe. Alipokuwa mdogo, vile vindege vya mgodi vikipita juu alikuwa anaacha ng'ombe wanaingia shamba la watu, yeye kichwa juu. Nimemchapa sana kwa ajili ya ndege. Akirudi nitamwambia suruali yako imekutangulia, tutacheka.

Wazee nimewaambia wasubiri. Walikuwa wamepanga matanga baada ya mavuno na mbuzi wameshatengwa. Nimewarudisha mbuzi zizini. Mkewe, Rebeka, ana haki ya kujua aliko mumewe. Hapa Tinde kuna seremala, Abel, mtu mzuri sikatai, amemtuma shangazi yake kuulizia. Nilimpa shangazi maziwa akanywa, nikamwambia mke wa mtu haposwi. Rebeka alikuwa hapo hapo anachambua mchele.

Fumua. Halafu uniandikie umeipata kwa nani. Robota la mitumba halina simbi.

Mama yako, Mbuke


Dar es Salaam, 18 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefumua, na simbi ipo, na uzi mwekundu upo. Nimeishika mkononi na nimeshindwa kufanya kazi siku ile.

Nilikudanganya kuhusu mitumba. Nilitaka jambo hili liishie pale, nikadhani nakusaidia. Suruali sikuinunua kwenye robota. Niliinunua kwenye rashi yenyewe, kwa mama ntilie mmoja anaitwa Bhoke, aliyekuwa anapikia wachimbaji. Kwake kulikuwa na mifuko ya sandarusi imening'inia kwenye mti wa kibanda, kila mfuko una nguo za mtu. Akasema wenyewe walishahama, chukua uzitakazo. Nikachukua. Kwetu sisi nguo iliyovaliwa kweli ni mali, maana ile ya dukani kamera inaiumbua.

Bhoke nitamtafuta. Nasikia aliondoka kule.

Kuna jingine nikuambie, maana hapa ofisini nikilisema wananicheka. Bwana Kimya anakaa stoo. Eliya, mlinzi wetu, kila asubuhi ananiambia mdoli wako ameshusha mikono. Najua ni bolti za mabega zimelegea, nimezikaza. Asubuhi mikono imeshuka tena. Sasa Eliya amemgeuza uso ukutani, na akipita anamwambia hodi. Juzi nami nimejikuta nasema hodi.

Bwana Kimya alikuwa amekodiwa kwenye filamu nyingine, ya magari ya mbio, atupwe nje gari likikata kona. Usiogope hizo mbio, mama. Gari lenyewe linakwenda mwendo wa mtu anayejifunza kuendesha, kamera ndiyo inayolikimbiza, na kelele za injini zinaongezwa baadaye. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa majaribio, nilimwona anavyoning'inia na kile kiraka gotini, nikasema simamisheni. Nimemvua suruali. Nimewaambia watafute mdoli mwingine. Hawakufurahi.

Mama, nakuomba. Mambo ya mbuzi na shangazi wa Abel, usiharakishe kuyafunga. Yaache wazi mpaka nimpate Bhoke.

Wako, Marcel


Tinde, 1 Julai 2024

Kaka Marcel,

Mimi ni Rebeka, mke wa Mayala. Mama hajui kama nimeandika. Barua hii nimempa kondakta mwenyewe, sikupitia kwa Sostenes.

Zile barua zako Mama ananisomea zote. Katika ya mwisho ameona umeahidi kumtafuta Bhoke. Mimi nimeona umemwambia asiharakishe. Mtu mwenye habari njema hasemi hivyo.

Nikuulize swali moja. Suruali uliipata ina tope, au tope mmetia nyinyi?

Nauliza kwa sababu asubuhi ile alipoondoka hapa niliipiga pasi mimi. Pasi ya mkaa. Kaa likaruka, likaunguza kidogo mguu wa kushoto karibu na pindo, alama kama ukucha. Nililia, akaniambia acha, hiyo ndiyo sahihi yako. Alisema suruali hii ni ya kuvaa barabarani, ya kwenda na kurudi. Kwenye filamu nimeiangalia hiyo alama kila mara Sostenes anapoionyesha. Siioni, tope limefunika. Mama anaona tope. Mimi bado naona pasi.

Mama amepaka chokaa chumba chetu. Anapika ugali wa mtu mmoja zaidi, halafu usiku anaula yeye baridi ili asionekane ametupa. Mtoto wetu ana miaka mitatu, ameshafundishwa kusema baba anakuja, na kila pikipiki ikisimama anatoka mbio. Mama anatoka nyuma yake.

Kuhusu Abel, sijui ningejibu nini. Lakini sikuulizwa. Mimi si mke wala si mjane, hata kulia naambiwa nisilie nitamletea mkosi. Nimechoka kaka. Nikipewa ruhusa ya kulia nitalia siku tatu nilale.

Kama tope ni lenu, sema. Kama hutaki kumwambia Mama, niambie mimi peke yangu nitajua cha kufanya.

Rebeka


Dar es Salaam, 13 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii ukipenda isome na Rebeka pembeni yako. Kuna mambo ambayo nikimwambia mmoja nitakuwa nimemwonea mwingine.

Tope ni langu.

Ulipoandika mara ya kwanza kuhusu nguo chafu na nguo safi, nilikuelewa pale pale, na nikanyamaza. Kila barua yako ilivyozidi kufurahi, ndivyo nilivyozidi kushindwa. Ngoja nikueleze linavyotengenezwa, usije ukadhani nabahatisha. Tope la kweli likikauka linadondoka, na filamu inapigwa siku nyingi. Leo doa liko gotini, kesho limekwenda, mtazamaji anashangaa. Kwa hiyo tunapika letu. Chai ya rangi nzito, vumbi jekundu lililochekechwa, mafuta ya kula, na gundi ya seremala kidogo. Unapaka kwa brashi, unakausha juani, unarudia. Suruali ya Mayala niliipaka mimi mwenyewe uani, kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia Geita. Nilisifiwa kwa kazi ile.

Kabla ya hapo ilikuwa safi. Ilikuwa imekunjwa, na mkanda umezungushwa ndani yake. Alama ya pasi mguu wa kushoto niliiona, nikapaka tope zaidi pale kuificha.

Bhoke nimempata. Yuko Chato, anakaanga samaki karibu na stendi ya mabasi. Nilipotaja suruali ya kiraka cha bluu aliacha sufuria motoni. Amesema Mayala alimkabidhi mfuko wake alfajiri kama kawaida, akamwomba asiutundike upande wa moshi kwa sababu mkewe ameipiga pasi. Akashuka na kaptula. Matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara lile, yalikuwa yameoza, kila mtu alijua. Saa ya chakula Bhoke alipakua sahani za watu wote wenye mifuko kwake, akasubiri. Wengine walikuja wakala. Sahani ya Mayala na za wenzake wanne zilibaki. Mwenye duara aliposema hakukuwa na mtu, Bhoke alimwonyesha mifuko, akaambiwa akipenda kuendelea kupika pale afunge mdomo. Ana watoto. Akafunga. Mifuko aliitunza zaidi ya mwaka, kila siku akiamini kuna atakayekuja kuulizia, mpaka ikawa hawezi kulala ndani ya kile kibanda. Sisi tulipofika tukatafuta nguo kuukuu, aliona tumeletwa kumwondolea mzigo ule. Ameniomba nikuambie anaomba msamaha. Nami nauomba wangu.

Bado kuna moja sikukuambia. Ule mchanga niliomjaza Bwana Kimya sikuununua. Nilijaza palepale kwenye rashi, kwenye vifusi vya yale maduara, kwa sababu ulikuwa karibu.

Suruali ninayo, simbi ninayo. Sema unatakaje.

Marcel


Tinde, 24 Julai 2024

Marcel,

Mlete. Suruali, simbi, mchanga, vyote. Suruali usifue.

Asije na basi. Mpandishe ndege, alikuwa anazitamani.

Mbuke


Mwanza, 6 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii inatangulia na basi la asubuhi, mimi nafuata kesho na gari la kukodi kwa kuwa kasha ni refu.

Nimekuja naye kama ulivyosema. Sikutoa mchanga nikaumimina kwenye gunia, niliona vibaya. Nimemvalisha suruali yake, nikarudisha simbi mahali pake na uzi ule ule. Uwanjani Dar nikaulizwa kilichomo ni nini. Nikasema mdoli wa filamu, kama nilivyosema mwaka jana, lakini safari hii mkono niliuweka juu ya kasha, sikuuondoa. Afisa akaniangalia, akauliza ni mwili? Nikamwambia hapana, angalia mwenyewe. Akaangalia kwenye mashine kwa muda mrefu. Hakumwita mwenzake. Alisema tu, haya, pita na mtu wako.

Wabebaji mizigo nimewaona kwa dirisha la ndege. Masanduku ya watu wanayarusha, nawajua. Kasha lile walilibeba wanne, taratibu, na mmoja alivua kofia. Hakuna aliyewaambia kitu.

Nafika kesho.

Marcel


Tinde, 20 Agosti 2024

Marcel mwanangu,

Wabeja, asante kwa kumleta. Siku ile sikukusemesha, na uliondoka umejiinamia ukidhani nimekukasirikia. Nilikuwa nimekukasirikia. Yote mawili yakae, asante na hasira, nyumba yangu ni kubwa.

Hukubaki uone, kwa hiyo nikueleze. Uliposhika njia niliingia uani na beseni. Rebeka akataka kunisaidia, nikamwambia nitakuita. Nikaloweka. Maji yakatoka rangi ya chai, tena yananukia chai kweli, nikakaa nayashangaa maji hayo. Miezi mitatu mimi nimeishi kwa hayo maji. Kwa hayo nimepaka chokaa chumba, nimerudisha mbuzi, nimemfundisha mtoto uongo. Nikayamwaga, nikaweka mengine, mpaka yakatoka meupe. Hapo ndipo nikamwita Rebeka. Akatafuta mguu wa kushoto karibu na pindo, akaiona alama yake. Akakaa chini pale pale kwenye matope ya uani, akalia. Nikamwacha alie. Ule msiba ulikuwa wake kabla haujawa wangu.

Tumezika. Kwetu mtu asipopatikana huletwa udongo wa alikopotelea, na wewe kwa kutojua ulikuwa umeshauchota. Mchanga wote umeingia kaburini, na suruali imepigwa pasi, na mkanda ndani. Paroko alikuja. Simbi aliiona, maana nilikuwa nimeishika mkononi, akageuka kuangalia ng'ombe mpaka nikaiweka. Mdoli wako mtupu, zile nondo, uko kwa Sostenes, njoo uuchukue. Chukua na salamu za Bhoke, alifika kwa basi kutoka Chato siku ya matanga, hakujua aingie au asimame barabarani. Nilimpa sufuria akapika. Alipakua sahani moja zaidi, akaiangalia, akawamwagia kuku.

Shangazi wa Abel amerudi. Safari hii nimemwambia Rebeka ajibu mwenyewe. Amesema asubiriwe mpaka mvua za kwanza, na sauti yake nimeisikia kumbe ni nzito, nilikuwa nimeisahau.

Sasa niseme linaloniuma, maana hapa kijijini siwezi kumwambia mtu. Suruali ile ilipochanika goti, alitaka kuifanya nguo ya duarani. Mimi ndiye niliyesema lete. Nikachukua kitenge changu kipya, nikapinda mshono ndani usionekane, nikachukua mchana mzima. Alipoiona akasema mama, hii sasa ni ya kutokea. Ndiyo maana aliivua na kuikabidhi. Aliitunza, na simbi ikabaki juu kwenye mfuko, yeye akashuka mtupu. Laiti ningeishona vibaya.

Usinijibu kuhusu hilo. Nimelisema ili litoke.

Kuna jambo moja nakushukuru nalo peke yake. Kule kwenye rashi hakuna aliyechukua jembe. Nyinyi mlichukua kamba. Rebeka ananiambia hao si watu wa kweli, wanaigiza, nami namjibu migongo yao imepinda kweli, Marcel ameniambia. Siku nikiweza nakwenda kwa Sostenes. Nakaa nyuma. Mwanangu akishafika juu, kabla hawajamfunika, namwambia izuie hapo, naye anaizuia, na watu hawanung'uniki.

Yule mama wa Tunduma nilimpigia baada ya mazishi. Nikamwambia sijakosea leo, nimekupigia wewe. Nikamweleza yote. Nikamwambia namba ile sitaipiga tena, nimeshamzika mwenye nayo, kwa hiyo apumzike. Akaniambia basi mama, kama hutapiga wewe, nitapiga mimi.

Jumapili tumetoka kanisani, simu ikaita. Jina kwenye kioo limeandikwa Mayala, kwa sababu sijalifuta. Mtoto akauliza nani huyo. Nikaiacha iite kidogo, nikilitazama lile jina linawaka na kuzima. Kisha nikapokea, tukazungumza habari za mvua.

Mama yako,
Mbuke ng'wana Maige